Neno la Mhariri: Mlango Wake Mwenyewe

Upasuaji wa moyo wa tundu dogo ni jina la jumla la tiba ambazo daktari huufikia moyo bila kupasua mfupa wa kifua kuanzia juu hadi chini. Baadhi hupitia mkato mfupi kati ya mbavu. Nyingine hutumia mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono na kusukumwa hadi moyoni. Hizi za mrija ndizo Watanzania wengi wamezisikia, kwa jina la mtambo wake, Cathlab, hasa tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza kujitegemea jijini Dar es Salaam mwaka 2015. Upasuaji wa kufungua kifua ulikuwa umeanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, na kabla ya hapo mgonjwa alisubiri zamu ya kupelekwa nje ya nchi, mara nyingi India.

Matokeo ya tiba hizi kwa kawaida hupimwa kwa urefu wa kidonda, siku za kulala wodini na idadi ya waliofariki ndani ya siku 30. Kwa vipimo hivyo faida ya tundu dogo ipo, lakini si kubwa kama inavyotangazwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uligawa kwa kura wagonjwa 330 wenye mlango wa moyo unaovuja, wengi wao watu wazima wa zaidi ya miaka 60. Waliopasuliwa ubavuni walitoka hospitali baada ya siku 5, waliofunguliwa kifua baada ya siku 6. Baada ya wiki 12 uwezo wao wa kufanya kazi za mwili haukutofautiana. Kwa mtu anayerudi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, siku hiyo moja huliwa na basi.

Ndalambo, wilayani Momba, mkoa wa Songwe, mgonjwa wa kufikiriwa kwanza si mzee wa Uingereza. Ni msichana au mama kijana ambaye utotoni aliumwa koo, akapona, kisha mwili wake ukaanza kuishambulia milango ya moyo wake kwa kuidhania kuwa ni vile vijidudu vya kooni. Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto hukakamaa, kingo zake zikagandana, na tundu ambalo kwa mtu mzima huwa na sentimita za mraba 4 hadi 6 likabaki chini ya moja na nusu. Damu hurudi nyuma kwenye mapafu. Mwenyewe huanza kuhema akipanda kilima na ndoo ya maji, na mara nyingi huambiwa ana pumu. Utafiti mmoja uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 14, Zambia iliyo ng'ambo ya Tunduma ikiwamo, ulikuta theluthi mbili ni wanawake. Katika miaka miwili asilimia 16.9 walifariki, nusu yao wakiwa hawajatimiza miaka 29.

Kuufungua mlango huo bila kupasua mfupa wa kifua si wazo jipya. Mwaka 1925 jijini London, Henry Souttar aliingiza kidole ndani ya moyo wa msichana na kuupanua mlango kwa kupapasa. Kutokana na wazo hilo ulikua upasuaji wa kupitia ubavuni, ambao kwa miongo mingi ulikuwa tiba ya nchi zisizo na mashine ya kuusaidia moyo. Mwaka 1984 Mjapani Kanji Inoue alichapisha njia ya puto. Mrija hupanda kutoka kinenani hadi chumba cha juu cha kulia, sindano hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, puto hupenyezwa mlangoni na kujazwa kwa sekunde chache, na kingo zilizogandana huachana. Mgonjwa huwa macho. Kesho yake au keshokutwa huweza kwenda nyumbani.

Madaktari wa Tunisia walizilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 90, thelathini kwa kila moja, na mwaka 1998 wakatoa matokeo ya miaka saba. Waliotibiwa kwa puto ambao hawakuhitaji kurudiwa walikuwa asilimia 90, waliofunguliwa kifua asilimia 93, na waliopanuliwa kwa kupapasa kupitia ubavuni asilimia 50. Hesabu hiyo inastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa mbili kati ya njia hizo tatu zilikwepa kuupasua mfupa wa kifua, na mojawapo ilishindwa kwa nusu ya wagonjwa wake. Udogo wa tundu peke yake haukumwokoa mtu.

Tofauti inayomgusa zaidi mgonjwa wa Ndalambo ni kile anachorudi nacho nyumbani. Aliyefunguliwa kifua na kuwekewa mlango wa chuma badala ya wake hurudi na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumezwa kila siku maisha yote. Dozi ikipungua, damu huganda kwenye chuma na mtu hupooza au kufa. Ikizidi, hutoka damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana lazima apimwe INR mara kwa mara, kipimo cha kuganda kwa damu ambacho hakitegemewi kupatikana kwenye zahanati. Chakula nacho kina neno lake. Wakati wa mvua, majani ya maboga na mchicha yakiliwa kila siku, nguvu ya dawa hushuka. Katika ule utafiti wa nchi 14, waliokutwa INR yao iko panapotakiwa hawakufika theluthi moja. Vidonge vipya visivyohitaji kupimwa havifai kwa mlango wa chuma. Hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye mapigo ya moyo yaliyovurugika, utafiti wa mwaka 2022 katika nchi 24 ulionyesha kwamba warfarini na dawa za jamii yake zinaokoa maisha zaidi.

Kisha kuna mimba. Warfarini huweza kumlemaza mtoto katika miezi mitatu ya kwanza, na kuibadilisha kwa sindano za heparini huhitaji uangalizi wa karibu. Aliyetanuliwa kwa puto hubaki na mlango wake mwenyewe, na kama mapigo yake yako sawa na hana bonge la damu moyoni, kwa kawaida hahitaji warfarini. Wengi hugundulika wakiwa tayari wajawazito, kwa sababu damu huongezeka karibu nusu na mlango mwembamba hushindwa kuipitisha. Puto huweza kutumika hata wakati huo, tumbo likikingwa dhidi ya mionzi.

Si kila mlango unakubali puto. Uliojaa chokaa, unaovuja sana, au wenye bonge la damu nyuma yake unahitaji kisu, na kumlazimishia mgonjwa huyo tundu dogo ni kumdhuru. Mara chache puto lenyewe huuchana mlango, na upasuaji wa kufungua kifua hufuata kwa haraka. Baada ya miaka kumi au zaidi milango ya wengine huziba tena. Hapa kuwahi kuna thamani kuliko ufundi: anayefika mlango ungali laini hupata puto, anayechelewa hupata chuma. Njia kutoka Ndalambo kwenda Vwawa, Mbeya, kisha Dar es Salaam ni sehemu ya tiba kama ilivyo sindano ya daktari, na huanza kwa mhudumu aliyeweka masikio kifuani mwa mama kliniki na kusikia mvumo.

Kwa hiyo takwimu za siku 30 hazitoshi. Hospitali inayotaka kujua matokeo yake inapaswa kumtafuta mgonjwa baada ya mwaka na baada ya miaka mitano, kwa simu kama hakuna njia nyingine, na kuuliza kama analima, kama amejifungua salama, kama bado anapata dawa. Barua ya kumruhusu nayo iandikwe kwa ajili ya muuguzi atakayeipokea Momba, kwa Kiswahili, ikieleza ni mlango gani uliotibiwa na dalili zipi zinamtaka arudi.

Barua hiyo isikose sindano ya penisilini ya benzathini. Puto hutanua mlango. Haliuondoi ugonjwa, na kila koo jipya laweza kuuwasha. Gulu, Uganda, watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miaka miwili: waliochomwa sindano kila wiki nne, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao, wasiochomwa, asilimia 8.2. Kwa mwenye mlango ulioharibika, mwongozo ni kuendelea kwa angalau miaka 10 au hadi afikishe miaka 40, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Aliyetibiwa kwa tundu moja akiwa na miaka 19 ana sindano zipatazo 273 mbele yake, na karibu zote atachomwa Ndalambo.