Kugonga vidole kunatuliza, lakini pasipoti iko wapi?

Ipo mbinu ya kutuliza wasiwasi isiyohitaji dawa wala ukumbi. Mtu hugongagonga kwa ncha za vidole ubavu wa kiganja, kisha mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya pua, kidevuni, kwenye mtulinga na chini ya kwapa, huku akiitaja hofu yake kwa maneno. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Roger Callahan aliianzisha miaka ya 1980, naye Gary Craig akairahisisha miaka ya 1990.

Afrika Mashariki imeshaionja. Mwaka 2006 ilitumiwa kwa yatima wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Magharibi mwa Uganda wahudumu wa kijamii walifundishwa, na watu 256 wakashiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Waliogongewa walieleza kupata nafuu.

Naileta hapa kwa ajili ya dada zetu wa Al-Safa. Mtaa wenye jina hilo uko Jeddah na mwingine uko Riyadh, na katika mitaa ya namna hiyo wanawake wa Kenya, Uganda na kwingineko wanapika, wanafua na kulea watoto wa watu. Kinachoweza kuufanya moyo uende mbio huko tunakijua: simu kuzuiwa, mshahara kuchelewa, usiku mfupi, na nyumbani wanauliza karo. Mwanamke asiyeruhusiwa kutoka peke yake atampata wapi mshauri nasaha, tena anayejua Kiswahili? Dakika mbili katika chumba cha kufulia ndizo alizo nazo. Kwa hiyo mimi naunga mkono afundishwe, na afundishwe bure, kabla hajapanda ndege.

Ila aambiwe ukweli. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada, Waite na Holder, waliwajaribu wanafunzi 119. Wengine waligonga sehemu zinazoelekezwa, wengine sehemu nyingine za mwili, wengine wakamgonga mwanasesere. Hofu ilipungua katika makundi yote hayo, kwa kiasi kinachokaribiana. Maana yake ni kwamba kazi kubwa huenda inafanywa na utulivu wa mkono, pumzi na kule kuitaja hofu, wala si njia za siri za nguvu mwilini. Anayetoza fedha kwa kufundisha ramani ya njia hizo anauza upepo. (Bibi zetu wa pwani wenye tasbihi mkononi hawakulipia kozi.)

Jambo zito zaidi ni hili. Serikali ya Kenya ilieleza kuwa Wakenya 89 walifariki nchini Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa wafanyakazi wa majumbani. Vingi ya vifo hivyo viliandikwa kuwa moyo ulisimama, maelezo ambayo Macharia Kamau, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, hakuyakubali. Basi dada anayebanwa na kifua asigonge vidole akangoja. Gari la wagonjwa linaitwa kwa namba 997.

Aidha, kanuni za kazi za majumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, pamoja na siku moja ya mapumziko kila wiki. Malalamiko hupokelewa na wizara ya kazi ya huko kwa namba 19911. Ninachohofia ni wakala atakayefundisha kugonga vidole na kuzificha namba hizi, ili msichana aamini kwamba kasoro iko katika mishipa yake ya fahamu na mwajiri hana neno.

Kwa hiyo dada akipiga simu usiku kusema moyo unamwenda mbio, mwambieni agonge, avute pumzi taratibu. Akishatulia, mumuulize jana alilala saa ngapi, pasipoti yake iko kwa nani, na mara ya mwisho alilipwa lini.