Vidonge vya kunenepa na mifupa yetu



Juma hili tuongee juu ya mifupa. Na hapa kwetu Kampemba, kutoka Bel-Air mpaka Bongonga, hatuwezi kuongea juu ya mifupa bila kugusa vidonge vya kunenepa, vile ambavyo wengi wananunua bila karatasi ya munganga.

Kwanza tujue mfupa ni kitu gani. Mara nyingi tunauona kama jiwe, kumbe mfupa uko na uhai. Ni kama nyumba ya matofali yenye mafundi wa aina mbili: hawa wanabomoa tofali lililozeeka, wale wanaweka jipya mahali pake. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa inafanywa upya kila mwaka. Mpaka miaka 30 hivi, wajengaji wanaongoza. Kisha wabomoaji wanaanza kuwapita polepole, na damu ya mwezi inapokatika wanakimbia zaidi, kwa sababu homoni iliyokuwa inawazuia imepunguka. Mfupa unabaki na matundu mengi ndani, kama mkate. Ugonjwa huo unaitwa osteoporozi.

Hauleti homa, na mara nyingi hauumi. Unajionyesha siku mtu anapoanguka kidogo tu uani na mkono unavunjika, au anapoinua bidoni ya maji na mgongo unauma ghafula, kwa sababu pingili moja imejikunja. Nkambo anayepinda mgongo na kuwa mfupi mwaka kwa mwaka, tusiseme tu kwamba ni uzee. Radio ya kawaida nayo huonyesha upungufu wakati umekwisha kuwa mkubwa.

Sasa vidonge. Vingi vinavyouzwa kwa kunenepesha ni deksametazoni, ambayo wengi wanaita deksa, mara nyingine pamoja na siproheptadini inayoleta hamu ya chakula. Deksa ni dawa nzuri mkononi mwa munganga: inasaidia katika alerji kali na magonjwa mengine mazito. Lakini kila siku, kwa miezi, inawanyamazisha mafundi wanaojenga mfupa na kuwapa wabomoaji nafasi. Inazuia pia kalsiamu ya chakula isiingie vizuri mwilini. Tuhesabu pamoja: vidonge viwili vya miligramu 0.5 kwa siku vina nguvu ya miligramu 6 au 7 hivi za prednizoni. Kwa kipimo kama hicho kwa miezi 3 au zaidi, waganga wanaanza kufikiri namna ya kulinda mifupa ya mgonjwa. Na mfupa unapungua kwa haraka zaidi katika miezi ile ya kwanza. Kwa hiyo binti wa miaka 25 anaweza kupata mifupa dhaifu kabla ya mama yake.

Na ule unene wenyewe? Mafuta yanakaa usoni, shingoni na tumboni, huku misuli ya mikono na miguu inapunguka. Sukari na tansio vinaweza kupanda. Pomadi za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, zikipakwa mwili mzima kila siku, nazo zinaweza kupita ngozini na kuleta madhara ya namna ile ile.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Aliyetumia deksa kwa majuma mengi asiache kwa siku moja. Tezi zilizo juu ya figo zimekwisha lala, na mwili ukinyimwa dawa ghafula unaweza kukosa nguvu, kutapika, presha kushuka, hata mtu kuzimia na kufa. Aende kwenye kituo cha afya, achukue na paketi ya vidonge, aseme ukweli wote. Munganga atamshusha polepole. Na aliyeandikiwa dawa hizo kwa ajili ya asma au ugonjwa wa viungo asiache hata kidogo kwa sababu ya makala haya. Aulize munganga: "Mifupa yangu tunailinda namna gani?" Kuna kalsiamu, vitamini D, na dawa za kuwazuia wabomoaji.

Habari njema ni kwamba dawa ikiisha vizuri, hatari ya kuvunjika inapunguka tena. Na nyumbani tuko na vitu vya kusaidia: ndakala zinazoliwa na mifupa yake, lengalenga, sombe, maziwa kama mfuko unaruhusu, maharagwe pamoja na bukari. Jua kidogo kwenye mikono na miguu. Kutembea na kubeba mizigo ya kiasi kunawaamsha wajengaji. Pombe nyingi na tumbaku vinawasaidia wabomoaji. Kwa wakubwa wetu tuangalie taa ya usiku, sakafu yenye maji, na ngazi isiyo na mahali pa kushika.

Imebaki sehemu yetu sisi wenyewe. Dada akifika kwenye likelemba tunamwambia: "Umekonda sana, unagonjwa? Bwana hakulishi?" Akirudi amevimba mashavu tunampigia vigelegele. Kwa maneno hayo tunamtuma dukani sisi wenyewe. Tuanze mkutano ujao kwa kumuuliza mtu habari za afya yake, tusimpime kwa macho. Na yule mwembamba kweli, anayekonda bila sababu, tumsindikize akapimwe, maana kukonda kunaweza kuwa na ugonjwa nyuma yake, na deksa inaweza kuuficha.

Someni makala haya pamoja na mabinti wenu. Mpaka juma lijalo, mubaki salama.