Ngoma Ikilia Sana Hupasuka: Kikuza Sauti Kilichozidiwa na Nguvu Zake

Kijana aliyejitengenezea kikuza sauti cha gitaa kwa mikono yake mwenyewe, akalehemu kila kiungo na kukagua kila waya, hukiwasha kwa mara ya kwanza akiwa na matumaini makubwa. Lakini si mara chache yatokayo katika spika yakawa kinyume cha matarajio yake. Akizungusha kidogo tu kidhibiti cha sauti, chombo hupiga kelele. Akizidisha, hulia mluzi hata kabla nyuzi za gitaa hazijaguswa. Na noti iliyopigwa kwa upole hutoka imekwaruzika. Hapo fundi huyo hudhani kwamba kuna kitu kilichopungua, naye huanza kuongeza: kapasita hapa, kichujio pale, waya wa kukinga kule. Kumbe chombo hakikupungukiwa na kitu, bali kimezidi. Wahenga walikwisha kusema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na dawa ya ngoma ya namna hiyo si kuiongezea ngozi, bali ni kupunguza kishindo cha mpigaji.

Ili dawa hiyo ieleweke, yafaa kwanza kukumbuka jinsi vali inavyofanya kazi. Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto mpaka ikatoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti nyingi. Baina ya hizo mbili imewekwa gridi, ambayo ni mfano wa lango: badiliko dogo la volti katika gridi huleta badiliko kubwa la mkondo unaofika kwenye anodi. Gridi hiyo ilitiwa ndani ya chupa na Lee de Forest wa Marekani mwaka 1906. Ingawa transista zimechukua nafasi ya vali katika redio, wapiga gitaa wengi bado huzipenda vali kwa sababu ya sauti yake, na ndiyo maana wapo wanaoendelea kujitengenezea vikuza sauti vya aina hiyo.

Sasa na tuangalie hesabu. Gitaa la umeme likipigwa kwa kawaida hutoa sehemu ya kumi ya volti hivi. Vali ya mwisho isukumayo spika, kwa mfano ile iitwayo 6V6, ikipewa volti 250 hufanya kazi ikiwa gridi yake iko volti 12.5 chini ya kathodi. Kwa hiyo wimbi lenye kilele cha volti 12.5 linatosha kuitumikisha kikamilifu. Kutoka 0.1 hadi 12.5 ni mara 125. Hicho ndicho kiasi cha ukuzaji kinachohitajika.

Je, fundi amejenga kiasi gani? Vali ipendwayo kuliko zote katika hatua za mwanzo ni 12AX7, ambayo huko Ulaya huitwa ECC83. Ikiwa na kikinzani cha omu 100,000 kwenye anodi na cha omu 1,500 kwenye kathodi, pamoja na kapasita iliyounganishwa sambamba na hicho cha kathodi, hatua moja hukuza wimbi mara 60 hivi. Hatua mbili hazikuzi mara 120, kama wanafunzi wengi wanavyodhani, kwa kuwa ukuzaji haujumlishwi bali huzidishwa. Sitini mara sitini ni 3,600. Mahitaji yalikuwa 125. Kilichojengwa kimezidi karibu mara 29. Na fundi akiongeza hatua ya tatu, hufikia mara 216,000.

Ni dhahiri basi kwamba kelele zile si bahati mbaya, wala si ubovu wa vali. Ni matokeo ya hesabu ambayo haikufanywa. Hatua ya kwanza hutoa volti 6, lakini gridi ya hatua ya pili haiwezi kupokea zaidi ya volti moja na nusu hivi bila kukata vilele vya wimbi. Sauti imekwisha kuharibika kabla haijafika kwenye vali ya mwisho.

Swali linalofuata ni hili: ipunguzwe wapi? Wako wapunguzao mwanzoni kabisa, baina ya gitaa na vali ya kwanza. Hilo ni kosa, kwa sababu vali ya kwanza ina mchakacho wake wa asili. Wimbi la gitaa likidhoofishwa kabla ya kufika hapo, mchakacho unabaki palepale, nao hukuzwa pamoja na wimbi lililokwisha kunyongea. Wako pia wapunguzao mwishoni tu. Hilo nalo halitoshi, maana kupunguza wimbi lililokwisha kukatwa vilele hakurudishi umbo lake la awali.

Mahali pafaapo ni baina ya hatua ya kwanza na ya pili. Vikinzani viwili vinatosha. Wimbi likipitishwa katika omu 470,000, kisha likachukuliwa juu ya omu 150,000 zinazoelekea kwenye chasisi, robo yake hivi ndiyo inayosonga mbele. Zile volti 6 huwa moja na nusu. Baada ya hapo kapasita ya kathodi katika hatua ya pili yaweza kuondolewa, na ukuzaji wa hatua hiyo hushuka kutoka 60 hadi 30 hivi. Kinachosalia hupunguzwa na vikinzani na kapasita za kurekebisha sauti nene na nyembamba, pamoja na kidhibiti cha sauti, ambacho sasa kinaweza kuzungushwa kwa nafasi bila chombo kupiga kelele.

Wengine husema kwamba njia rahisi zaidi ni kuchomoa vali ya 12AX7 na kuchomeka nyingine yenye uwezo mdogo. Ni kweli kwamba kiwango cha ukuzaji cha 12AX7 ni 100, cha 12AT7 ni 60, na cha 12AY7 ni 40 hivi, na zote huingia katika soketi ileile. Lakini vali hizo hazilingani katika mkondo zinaoupitisha, na vikinzani vilivyochaguliwa kwa moja huenda visiifae nyingine. Abadilishaye vali bila hesabu amebahatisha. Hajajifunza chanzo cha ugonjwa.

Huenda pia mtu akapinga kwa kusema kwamba wanamuziki wengine hutafuta mkwaruzo huohuo kwa makusudi. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1962, katika duka la Jim Marshall mjini London, mafundi walijenga kikuza sauti kwa kufuata mchoro wa Bassman wa kampuni ya Fender ya Marekani. Bassman ulikuwa na 12AY7 katika hatua ya kwanza. Wao walitia ECC83 mahali pake. Ukuzaji ukaongezeka, sauti ikawahi kukwaruza, na wapiga muziki wa roki wakaipenda. Lakini mkwaruzo unaokuja pale mpigaji anapoutaka ni tofauti na ule asioweza kuuepuka. Chombo kisichoweza kunyamaza hakimtumikii mwanamuziki, humtawala.

Mluzi nao una hesabu yake. Mawimbi yatokayo mwishoni yakivuja na kurudi mwanzoni, nayo yakaja kwa mwendo mmoja na yale yanayoingia, chombo hujipigia chenyewe. Ukuzaji ukiwa 3,600, inatosha sehemu moja tu katika 3,600 irudi. Ukishushwa hadi 360, sharti sehemu inayorudi iwe kubwa mara kumi zaidi. Kwa hiyo kupunguza ukuzaji, pamoja na kutenga waya za mwanzo na za mwisho, hutibu mluzi kwenye shina lake.

Historia ya elektroniki inaunga mkono shauri hili. Tarehe 2 Agosti 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Laboratories, alikuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini. Humo ndimo alimofikiri kwamba kikuzaji kikijengwa na nguvu nyingi kupita mahitaji, kisha sehemu ya mawimbi yake ikarejeshwa mwanzoni kwa kinyume, ukuzaji utapungua lakini sauti itakuwa safi zaidi. Aliandika wazo hilo juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Simu za masafa marefu zilinufaika mno na wazo hilo la kukubali kupoteza ili kupata. Kuondoa kapasita ya kathodi ni mfano mdogo wa mrejesho huohuo hasi.

Hata hivyo, chombo hiki hakifai kufunguliwa darasani. Volti zake huzidi 300, zinatosha kuua, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Kazi ya ndani ni ya fundi mzoefu, ahakikishaye kwa mita kwamba kapasita zimekwisha umeme kabla hajagusa kitu, na asiyefanya kazi peke yake. Lakini somo lenyewe halihitaji hatari hiyo. Betri ya volti 9, vikinzani viwili na mita vyatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi volti zinavyogawanywa, na ubao na chaki vyatosha kuonyesha kwa nini 60 mara 60 si 120.

Mitihani mingi humtaka mwanafunzi aeleze jinsi ya kukuza wimbi. Ingefaa mwalimu aulize pia: likuzwe kwa kiasi gani, na kwa mahitaji gani? Mwanafunzi ajibuye swali hilo kabla ya kushika chuma cha lehemu atajenga chombo kinachosikika vizuri. Na asiyelijibu ataongeza kapasita mpaka fedha zimwishie, na mluzi uko palepale.