BUSTANI YETU: Kiwavi mwenye pembe kwenye matembele

Mwezi huu tunaongea juu ya mdudu aliyeleta maneno mengi hapa kwetu Rusizi: yule kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, anayekula majani ya viazi vitamu.

Juzi jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Kamanyola, alikuta matembele yake yamebaki vijiti tu. Ndani yake viwavi wawili, wanene kama kidole gumba. Watoto wakapiga kelele, eti ile pembe ina sumu kama ya nge. Mama akachukua dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, akataka kuimwaga pale. Tukamwambia: "Mama, ngoja kwanza! Hayo majani si ndiyo mboga ya jioni?"

Pembe ile haichomi wala haina sumu. Wengine ni wa kijani, wengine wa kahawia, lakini ni aina moja. Akishiba anajichimbia udongoni na kugeuka kifuko cha kahawia chenye kitu kama mkono wa kikombe. Humo anatoka nondo mkubwa wa kijivu, mwenye mistari ya waridi na nyeusi tumboni. Ndiye yule tunayemwona magharibi amesimama hewani mbele ya ua, ananyonya kwa mrija mrefu kuliko mwili wake.

Wataalamu wanamwita Agrius convolvuli. Mswidi Carl Linnaeus ndiye aliyemwandika mwaka 1758, akampa jina la mimea anayoila. Kumbe yuko Ulaya pia! Wakati wa joto huruka kutoka kusini mpaka kaskazini ya huko. Kule viwavi wake wanakula magugu yanayotambaa, yenye maua kama tarumbeta. Magugu hayo na viazi vitamu ni ukoo mmoja. Basi ukiyaona karibu na bustani, yang'oe.

Msimchanganye na viwavijeshi vamizi wa mahindi, walioonekana Rwanda mwaka 2017. Hao ni nondo wa ukoo mwingine.

Tufanye nini?

1. Asubuhi tafuta mavi yake meusi chini ya mmea. Ukiyaona, mwenyewe yuko juu hapo.
2. Mwokote kwa mkono, wape kuku.
3. Kabla ya kupanda tena, lima vizuri na okota vile vifuko.
4. Dawa ya mahindi usiweke kwenye mboga hata kidogo. Kuosha kwa maji hakuiondoi yote, na wa kwanza kuumia ni watoto.

Mama yule aliwaokota wote wawili. Matembele yameanza kuchipua, na dawa ameiweka juu, watoto wasipofika. Tuonane mwezi ujao.