Mtunzaji Kwanza, Kompyuta Baadaye



Katika mikutano ya matawi yetu mwaka huu limezungumzwa sana jambo la kununua kompyuta za kuwekea hesabu za chama. Wengine wataka kila tawi lipate yake, iwekwe nyumbani kwa mwanachama anayeaminika, iwake usiku na mchana, na katibu, mshika fedha na msimamizi wa shamba waweze kusoma na kuandika humo kwa simu zao. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo iitwayo seva. Haina haja ya kuwa kubwa wala mpya. Kompyuta ya zamani iliyoachwa ofisini yafaa, na hata kile kidude cha Raspberry Pi kilichotoka Uingereza mwaka 2012, ambacho ukubwa wake ni kama wa kitambulisho cha Mzanzibari, chaweza kazi hiyo. Programu ya kuiendesha ni Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Ufini. Tangu hapo mafundi wa nchi nyingi wameiendeleza, na haitozwi hata senti.

Mimi siyapingi maneno hayo, nayaunga mkono. Lakini nasikia bei ya kompyuta ikitajwa, na bei ya diski, na bei ya waya, wala sijasikia bado jina la mtu atakayeiangalia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye khatari, kwani mashine hizi aghlabu haziharibiki kwa ubovu wake, bali kwa kukosa mwenyewe.

Tufikiri ni kitu gani tutakachokiweka humo. Si picha za arusi. Ni daftari la pishi: fulani kachuma pishi ngapi, siku gani, kalipwa nini, kabakishiwa nini. Ni uzito wa kila gunia lililopelekwa kituoni na daraja lililopewa, pamoja na stakabadhi za ZSTC. Ni idadi ya mikarafuu ya kila shamba, iliyo mizima na iliyokufa, na miche iliyotoka kitaluni. Mchumaji aliyeshinda juu ya mkarafuu hana ushahidi mwingine wa kazi yake illa hesabu ile. Ikipotea wiki moja tu ya msimu, tutapata ugomvi ambao hapana sheha atakayeweza kuuamua, maana kila mtu atasema kwa kichwa chake.

Adui wa kwanza ni umeme. Kisiwa cha Unguja tangu mwaka 1980 hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Wengi wetu twakumbuka Mei 2008, kisiwa kizima kilipokaa gizani karibu mwezi mmoja, na tukakumbuka tena Desemba 2009, ulipokatika ukakaa hata Machi 2010. Waya mpya, wenye nguvu zaidi, ulizinduliwa mwaka 2013, na mambo yakawa nafuu. Lakini seva haiuliwi na giza la mwezi mzima, kwani giza la namna hiyo kila mtu hulijua na kila mtu hurudi kwenye karatasi. Huuliwa na umeme unaokwenda na kurudi mara tatu baada ya magharibi.

Seva iliyozimika ghafula ni kama karani aliyenyang'anywa kalamu katikati ya tarakimu. Linux ina hadhari yake: kabla ya kuyagusa mafaili huandika pembeni jambo inalokusudia kulifanya, na ikiwashwa tena husoma pale na kupanga mambo sawa. Hadhari hiyo huokoa mpangilio wa mafaili. Haiwezi kuokoa pishi ambazo hazikuwahi kuandikwa. Na vile vikadi vidogo vya kumbukumbu vinavyotiwa katika Raspberry Pi ndivyo dhaifu kupita vyote kwa kukatiwa umeme. Anayetaka kuweka hesabu za watu na atumie diski, si kikadi.

Kwa hivyo UPS ni ya lazima. Hapo nina la kusema, maana nimeona UPS nyingi zilizo mapambo tu. Betri zake za risasi hupenda ubaridi wa nyuzi 25, na kila joto linapozidi nyuzi 10 juu ya hapo umri wake hupungua karibu nusu. Sisi twazitia kabatini, mlango umefungwa, katika joto la Januari, kisha twashangaa kwamba mwaka wa pili hazishiki hata dakika mbili. Iwekwe palipo na hewa. Na kila mwezi mtunzaji aung'oe waya wa ukutani kwa makusudi, akiwa na saa mkononi, atazame inachukua dakika ngapi. Yafaa pia UPS iunganishwe na seva kwa waya wake mdogo, na iwekwe programu iitwayo NUT, ili betri ikikaribia kwisha seva ijizime wenyewe kwa adabu. Na zikija radi za masika, uchomolewe waya wa umeme na waya wa intaneti pia; radi haichagui mlango.

Jambo la pili watu hawalidhanii kabisa, nalo ni saa. Ndani yake Linux huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na tarehe zote hutoka katika hesabu hiyo. (Saa yake huanzia usiku wa manane, si alfajiri kama yetu, na karani mpya lazima aambiwe hivyo siku ya kwanza.) Kompyuta ya kawaida ina betri ndogo, duara kama sarafu, inayoilinda saa umeme ukikosekana. Betri hiyo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka. Raspberry Pi za zamani hazina betri hiyo kabisa. Zikizimika saa nne usiku na kuwaka alfajiri, hudhani bado ni saa nne usiku, mpaka ziulize intaneti. Na intaneti nayo yaweza kukosekana: tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari, ya EASSy na ya SEACOM, zilikatika pamoja, na intaneti ikawa dhaifu au ikakosekana katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo seva isiyo na saa yake huandika mizani ya leo kwa tarehe ya jana, na mchumaji aonekane kalipwa kabla hajachuma. Betri ile haizidi ukubwa wa shilingi; ibadilishwe kabla haijafa.

Wanachama wa Mji Mkongwe wana taabu zao mbali. Kuta za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa na zaidi hazipitishi mawasiliano ya Wai-Fai. Chumba cha pili tu, simu haiioni seva. Dawa si kununua mashine nyingine yenye nguvu, bali kupitisha waya mlangoni. Unyevu wa bahari nao hula shaba, na vumbi la chokaa huziba feni. Mijusi hupenda joto la mashine, na sisimizi pia. Mtunzaji aifungue kila baada ya miezi mitatu, aipanguse kwa brashi kavu. Isiwekwe chini sakafuni, wala chini ya dirisha la baharini.

Sasa tuje kwenye siku ile seva inapokataa. Katika nyumba moja ya upande wa Malindi nilishuhudia seva iliyogoma kupokea hesabu mpya. Fundi wa kwanza akasema diski imekufa, nunueni nyingine. Wa pili akataka kufuta kila kitu na kuanza upya, na alikuwa ameshaitia kidole. Wa tatu, kijana aliyekuwa bado skuli, aliketi, akaandika maneno mawili tu, df -h, na mashine ikajibu kwamba diski imejaa asilimia 100. Kila usiku seva ile ilikuwa ikitoa nakala ya hesabu zake na kuiweka katika diski ileile, na hapana aliyekuwa akizifuta za zamani. Zikafutwa, kazi ikaendelea. Dakika kumi hazikufika.

Nimeileta khabari hii kwa sababu ya utaratibu wake. Kijana yule aliuliza kabla ya kugusa. Je, umeme upo na taa za mashine zawaka? Je, mashine yaitika ikiitwa kwa ping kutoka kompyuta ya jirani? Ikiitika, ubovu hauko katika waya. Diski ina nafasi? Saa iko sawa? Kisha ndipo asome journalctl, yaani daftari ambamo Linux huandika kila linalotokea, kuanzia mwisho kurudi nyuma. Aghlabu jibu limo humo. Na akibadilisha kitu, abadilishe kimoja, atazame, kisha kingine. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja akapona hajui kilichomponya, na mwezi ujao atarudi palepale. Fundi anayeingia bisibisi mkononi kabla hajauliza swali, mpeni chai mumtoe kwa heshima.

Watu wengi huogopa kwa kuwa mashine huandika malalamiko yake kwa Kiingereza. Si lazima Kiswahili kishindwe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na maneno yakapatikana. Lakini kwa sasa mtunzaji asiyejua Kiingereza na ayanakili maneno yale kama yalivyo, herufi kwa herufi, wala asifupishe. Fundi aliye mbali aweza kutibu kwa maneno kamili. Kwa "imeandika kitu chekundu" hawezi.

Na ayanakili katika daftari la karatasi, lenye jalada gumu, likae kando ya seva. Humo iandikwe kila kitu: siku umeme ulipokatika, programu zilipofanywa upya, nani kabadilisha nini. Programu ziwe zikifanywa upya kila wiki, na litumiwe toleo la muda mrefu. La Ubuntu hutunzwa miaka 5, la Debian pia. Na mlango wa seva usiachwe wazi kwa intaneti nzima, kwani kuna mashine huko nje zisizolala, kazi yake kujaribu maneno ya siri usiku kucha.

Lililobaki ndilo kubwa, nalo ni nakala. Nakala iliyo katika diski ileile si nakala, na iliyo katika nyumba ileile ni nusu yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka, jengo lililosimama tangu 1883, na watu wawili wakafariki. Hapana nyumba ya mji ule yenye haki ya kujiamini zaidi. Tawi liwe na diski mbili za nje: moja iunganishwe wakati wa kunakili tu, kisha ing'olewe, nyingine ikae shamba, Mahonda au Donge, zibadilishane kila Ijumaa. Na kila mwezi ichukuliwe nakala ya shamba, ifunguliwe katika kompyuta nyingine, zitafutwe pishi za mchumaji mmoja wa wiki iliyopita, zilinganishwe na karatasi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hapana ajuaye imo nini.

Wapo wasemao taabu zote hizi za nini, na tuweke hesabu kwa makampuni makubwa ya nje. Nakala moja, iliyofungwa kwa neno la siri, na ikae huko, sina ugomvi. Lakini daftari lenyewe nalitaka hapa, mahali ambapo mizani itaendelea kusomeka hata waya wa bahari ukikatika, na ambapo mchumaji aweza kubisha hodi akaonyeshwa jina lake.

Basi fungu la matawi litakapojadiliwa, naomba kila tawi lilete kwanza majina mawili, la mtunzaji na la msaidizi wake, wakaazi wa nyumba mbalimbali, na posho yao ya mwezi. Kisha ziandikwe betri na diski mbili. Kisha iandikwe kompyuta. Na kwa msimu wa kwanza mzima karatasi zisiachwe: kila pishi iandikwe kotekote, na mwisho wa msimu hesabu mbili zisomwe mbele ya wachumaji.