HUKUMU YA KIFO KWA SABABU ULIKUWA NA MWENZAKO

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Vijana wawili wa hapa Sultan Hamud wanakubaliana kumnyang'anya msafiri begi kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mmoja anabaki kwenye pikipiki akiangalia kama kuna mtu anakuja. Mwenzake anatoa kisu ambacho huyu wa pikipiki hakujua anacho, anamjeruhi msafiri. Wote wana makosa, sawa. Lakini ni makosa yaliyo sawa?

Wewe utasema hapana. Sheria ya Kenya inawahukumu wote wawili kifo.

Tena hata kisu kisingekuwepo. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema wizi wa mabavu ni kifo iwapo mwizi ana silaha hatari, AU yuko na mwenzake mmoja au zaidi, AU amempiga au kumjeruhi mtu. Moja tu latosha. Kuwa wawili na kutumia nguvu kidogo kupora simu, basi, ni kifo.

Kifungu cha 21 nacho kinasema mkikusudia pamoja jambo haramu, na katika kulifanya likatokea kosa jingine ambalo lingetarajiwa, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Na msafiri akifa? Kifungu cha 206 kinasema nia ya kutenda kosa kubwa la jinai yatosha kuhesabiwa nia ya kuua. Hukukusudia kuua, lakini sheria inakupachika nia.

Haya tuliyarithi kwa Mwingereza. Yeye mwenyewe aliifuta nia ya kupachikwa mwaka 1957. Mwaka 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kuona kwamba mwenzako huenda akaua si sawa na kukusudia aue. Sisi bado tumeshikilia sheria ya 1930!

Sasa sikia ajabu. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Tukafurahi. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji pekee. Maana yake aliyeua anasikizwa: umri wake, majuto yake, sehemu aliyoshiriki. Aliyekaa kwenye pikipiki, na hakuna aliyekufa, kifungu chake bado kinasema kifo tu. Hii ni haki gani?

Na wakili je? Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili wa kulipwa na serikali. Wizi wa mabavu husikizwa na hakimu, na watoto wengi wa maskini husimama pale peke yao wakijitetea dhidi ya kifo.

Najua utasema, "Si Kenya haijanyonga mtu tangu 1987?" Kweli. Lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na mfungwa anasubiri huruma ya rais. Mwaka 2016 zaidi ya wafungwa 2,700 walibadilishiwa kifo kuwa kifungo cha maisha. Kutoka kitanzi hadi kufia jela, kwa sababu ya begi.

Na aliyeibiwa? Ana haki kamili. Mwizi afungwe. Ila kila mtu abebe mzigo wake, asibebeshwe wa mwenzake.

Tunadai Bunge lifanye mambo matatu: liondoe kifo cha lazima kwenye 296(2), lifute nia ya kupachikwa kwenye 206, na libadilishe 21 ili mshiriki aadhibiwe kwa alichokusudia na alichofanya.

Muulize mbunge wako msimamo wake, mbele ya watu. Na kijana wako akishikwa, mwambie asikubali mashtaka kwa kuogopa. Aombe wakili siku ya kwanza kortini. Katiba, kifungu cha 50, inampa haki ya kuomba.

Sambaza. Wa pikipiki kesho anaweza kuwa wako.