Kinyama cha jicho kisitupwe bila kupimwa

Wavuvi, wakulima na waendesha bodaboda wanakifahamu vyema: kinyama chenye vishipa vyekundu kinachoota kwenye weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, kisha kikatambaa taratibu kuelekea kwenye mboni. Madaktari hukiita terijiamu. Chanzo chake kikubwa ni mionzi ya jua, na vumbi na upepo huongeza kero. Ndiyo maana kimeenea zaidi katika nchi zilizo karibu na Ikweta, Afrika Mashariki ikiwemo.

Chenyewe hakina haraka. Madhara huanza mgonjwa anapokimbilia duka la dawa na kuuziwa matone yenye steroidi. Wekundu hupungua, naye hurudi kununua chupa nyingine. Yakitumika miezi kadhaa bila daktari kufuatilia, matone hayo yanaweza kupandisha presha ya jicho hadi mshipa wa kuonea ukaharibika, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Hakuna tone linaloyeyusha kinyama hiki. Kikiwa kidogo, machozi ya bandia hupunguza mwasho, na miwani ya jua na kofia pana huukinga uso wa jicho.

Kikikaribia mboni au kikivuta kioo cha jicho mpaka uoni ukapotoka, hukatwa kwa ganzi. Hapo mgonjwa ana haki ya kuuliza kitakatwaje. Kukikata na kuliacha jeraha wazi ni rahisi na haraka, lakini kwa wagonjwa wengi kinyama huota tena, pengine kikali kuliko cha kwanza. Njia iliyo bora ni kuziba pengo kwa kipande cha utando kinachotolewa sehemu nyingine ya jicho, kwa kawaida chini ya kope la juu, kikashonwa au kugandishwa kwa gundi maalumu.

Kuna jambo zito zaidi. Katika ukanda huu, saratani ya utando wa jicho huweza kuanza kwa sura inayofanana kabisa na terijiamu, na huwapata zaidi watu wanaoishi na VVU, hata vijana. Macho ya daktari mzoefu peke yake hayatoshi kuzitofautisha. Kwa hiyo kila kinyama kinachokatwa kipelekwe maabara, na gharama ya kipimo hicho iwe ndani ya bei ya upasuaji, wala isiachwe kwa mgonjwa aamue dirishani pa malipo kama anaimudu.